Namba Moja Ni Nyeusi

Bweni zima lilimwita Mtukufu, na si kwa sababu ya utukufu. Jina alilipata siku aliyokamatwa na mwalimu wa zamu akiwa amewavisha soksi kuku wanne wa mwalimu mkuu. Badala ya kukimbia kama binadamu wengine, alisimama wima, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya mtu anayezindua daraja: "Mwalimu, naomba jambo hili litazamwe kwa upana wake." Likatazamwa kwa upana wake. Alifyeka nyasi wiki mbili.

Katika shule hiyo simu zilikuwa marufuku. Njia pekee ya kuzungumza na nyumbani ilikuwa programu ya gumzo iliyokaa ndani ya kompyuta kumi na moja za maabara. Msidhani ni programu ya picha na vikatuni. Ukiifungua unakuta terminali tu, yaani dirisha jeusi, herufi nyeupe, na kimstari kinachopepesa chini kushoto kikingoja useme neno. Vipanya havikuwepo. Fundi wa maabara alikuwa amevikusanya vyote mwaka uliotangulia, baada ya kukuta vitatu vimefanyiwa mazishi ya heshima nyuma ya jiko. Mhubiri katika mazishi yale hakutajwa jina.

Aliyegundua rangi ni Mtukufu. Adhuhuri moja, akiwa hana la kufanya, alisoma ukurasa wa msaada wa programu mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulifanya, na huko chini kabisa akakuta siri. Unabonyeza Kontroli na K, unaandika namba, na herufi zote zinazofuata zinatoka na rangi ya namba hiyo, mpaka uifunge kwa Kontroli na O. Tatu kijani, nne nyekundu, sita zambarau, nane njano. Ukibonyeza Kontroli na B, herufi zinanenepa kama zimerudi kutoka likizo.

Hazikupita wiki mbili maabara ikawa na sheria zake, na hakuna aliyekumbuka zilipigiwa kura lini. Njano ni masihara. Nyekundu ni ugomvi. Kijani ni pongezi. Zambarau ni mambo ya moyo, na aliyewahi kuitumia ni mmoja tu wa kidato cha pili, kwa bahati mbaya, alipokuwa akiomba kuazimwa rula. Mpaka leo hajapona.

Na namba moja ilikuwa nyeusi. Nyeusi juu ya nyeusi. Unaandika, unabonyeza Enta, na mstari unapanda juu ukiwa mtupu kama pengo la jino. Wenyewe waliita jambo hilo kuzika. Kwa kuwa vipanya havikuwepo, hapakuwa na namna ya kuuchagua mstari na kuufukua. Ukishazika umezika.

Mtukufu alizika sana. Katika Ukumbi, kile chumba cha gumzo kilichotumiwa na shule nzima, alimsalimu kiranja mkuu kwa njano, "Habari za asubuhi, kiranja wetu mpendwa," kisha chini yake anazika, "mwenye kichwa kama boga la maonyesho." Kiranja aliona mstari mtupu, akadhani mtandao unakohoa. Wengine, aliokwisha kuwanong'oneza, walishika matumbo kwa kicheko.

Lakini huo ulikuwa mchezo. Kazi ya kweli ya namba moja ilifanyika Jumamosi saa nne asubuhi, nusu saa, katika chumba cha gumzo cha watu wawili tu: yeye na Dada.

Dada alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa. Asubuhi alikuwa akitoka na buti za mpira, anasoma kipimo cha mvua, anasoma kipimajoto, anarudi ndani na kutuma tarakimu kwa vituo vingine kwa programu ileile ya gumzo. Wazazi wao walifariki mwaka mmoja, Dada akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake minane. Alimlea kwa ukali robo na upole robo tatu, na hajawahi kumwita Mtukufu. Alimwita Bwana Mkubwa, tangu siku aliyomkuta, na miaka yake minane, amevaa koti la marehemu baba yao na kumuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Kwa Dada, Mtukufu aliandika njano tupu. Habari za kuku, habari za soksi, habari za mwalimu wa hesabu aliyekalia chaki. Nusu saa ikikaribia kwisha, alibonyeza Kontroli na K, akaandika namba moja, akazika mstari mmoja. *Shati la michezo limechanika begani.* Wiki nyingine: *Jumanne nilikuota.* Wiki nyingine: *Homa imeisha lakini kikohozi bado.* Mtu wa hadhi yake hawezi kumwambia dada yake kwamba amemkumbuka, atatembeaje bwenini? Lakini kutosema nako kulimkaba. Basi alisema, akazika, akatoka maabara mwepesi kama aliyetua ndoo.

Wiki tatu nyuma Dada alikuja na habari. Amechaguliwa kwenda kusomea utabiri wa hali ya hewa. Miaka miwili, mbali, safari ya ndege mbili, na likizo hazitamrudisha. Yeye aliyekuwa akipima mvua iliyokwishanyesha, sasa atafundishwa kusema itanyesha lini. Mtukufu angekuwa anakwenda kwa Shangazi kila shule ikifungwa. Jibu lilitakiwa ifikapo Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Mtukufu hakusita hata kidogo. Kwa njano, na kwa herufi nene, aliandika: "NENDA DADA! Hatimaye nitarithi kitanda chako. Ukirudi utanikuta na ndevu, na chumba chako nimempa mbuzi."

Kisha Kontroli na K, namba moja: *Usiende.*

Na chini yake: *Nitabaki na nani.*

Tangu siku hiyo Dada akawa mtu wa "bado nafikiria". Jumamosi iliyopita aliandika: "Nadhani nitawaambia hapana. Nafasi kama hizi zitakuja tena mwaka mwingine." Mtukufu akashangaa. Alifurahi pia, na furaha hiyo aliionea aibu, akaificha hata yeye mwenyewe asiione.

Basi Alhamisi, kipindi cha mazoezi, Mtukufu alipata wazo la kitaifa. Aliingia maabara mapema, akakaa kwenye mashine ya kiranja mkuu, akafungua mipangilio ya terminali na kuigeuza: usuli mweupe, herufi nyeusi. Alitaka kiranja aje, adhani mashine imepata upofu, amwite Fundi kwa kelele, na Fundi amcheke mbele ya watu. Ilikuwa kazi safi ya dakika mbili. Akarudi kiti chake, akakunja mikono, akangoja kama mwalikwa wa heshima.

Kiranja aliingia, akaketi, akafungua Ukumbi. Hakupiga kelele. Alitembeza mazungumzo ya zamani kwenda juu, polepole, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mtukufu."

"Naam, kiranja wetu."

"Hebu njoo unisomee hapa. Macho yangu leo sijui yana nini."

Mtukufu akasogea, akatazama. Juu ya usuli mweupe, nyeusi ilikuwa imesimama imara, kila herufi na mguu wake. Wiki sita za maziko zilikuwa zimefufuka kwa pamoja.

"Soma kwa sauti," kiranja akasema. "Usione haya. Huwa huoni."

"'Mwenye kichwa kama...'" Mtukufu akakohoa. "Kama boga la maonyesho."

"Endelea."

"'Boga hilo leo limechana nywele.' Kiranja, naomba jambo hili litazamwe kwa..."

"Nimelitazama. Jumamosi tatu hukanyagi maabara. Orodha ya mlangoni ninaiandika mimi."

Darasa zima lilizomea. Mtukufu hakusikia. Alikuwa akiiwaza skrini nyingine, ile ya Dada. Alikwenda moja kwa moja kona ya Fundi, ambaye alikuwa amelala chini ya meza na bisibisi mdomoni.

"Fundi, ile programu ya kazini kwa Dada uliyoiunganisha na yetu. Skrini yake ni nyeusi kama hizi, siyo?"

Fundi akatoa bisibisi. "Za vituo vya hali ya hewa? Nyeupe hizo. Zinatoka nyeupe."

"Zote?"

"Zote, mwanangu. Nani atakaa na giza machoni saa nane nzima akinakili tarakimu? Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona umekuwa kama umemeza kibodi?"

Mtukufu alikaa kwenye ngazi za nje. Akakumbuka shati jipya la michezo lililofika kwa kifurushi, bila yeye kuomba, na begani limeshonwa mara mbili. Akakumbuka chupa ya dawa ya kifua iliyokuja na mgeni wa mwalimu wa zamu. Akakumbuka Dada akiuliza, bila sababu yoyote, "Siku hizi unalala vizuri? Huoti oti?" Alikuwa amejisifia mbele za wenzake: dada yangu ana akili ya ajabu, anajua mambo kabla hujasema. Kumbe haikuwa akili. Yalikuwa macho tu.

Na yaliposoma shati na kikohozi, yalisoma pia *Usiende.*

Dada alikuwa anaacha nafasi aliyoingoja tangu alipovaa zile buti mara ya kwanza, kwa sababu ya mistari miwili ambayo mwandishi wake aliiandika ili isisomwe. Jumatatu atatoa jibu. Kabla ya Jumatatu kuna Jumamosi moja, na Jumamosi hiyo mlango wa maabara una mlinzi mwenye kichwa ambacho hakina haja ya kuelezwa tena.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alimkuta kiranja chumba cha kupigia pasi, akinyoosha suruali kwa makini ya daktari wa upasuaji.

"Kiranja, nimekuja na ombi."

"Umekuja na hotuba. Ondoka, mvuke huu utakuunguza."

"Nipe nusu saa ya kesho. Baada ya hapo nifungie mwaka mzima. Nitafyeka. Nitapiga pasi nguo zako zote na za rafiki zako, kama unao."

"Unaona? Hata ukiomba unatukana."

"Samahani. Ulimi huu ni wa kurithi." Mtukufu akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kisekondari hakuweka mkono kifuani. "Kuna kitu nilimzikia Dada. Nilijua haoni. Anaona. Sasa anataka kuacha masomo kwa ajili yangu, na lazima ajibu Jumatatu."

Pasi ikasimama. "Ulimwandikia nini?"

Mtukufu akatazama dirishani. Kulikuwa na nguo za michezo zinazokauka kwenye kamba, na alizihesabu zote kabla ya kujibu.

"Usiende."

Kiranja aliinua pasi haraka maana suruali ilianza kunukia. Akaigeuza, akaikagua, akaendelea na mguu wa pili. "Mimi nina dada sita," akasema. "Wote wanapenda kunisaidia kuvaa. Wakiondoka wote leo, mimi ndiye nitakayewabebea mizigo mpaka stendi." Akanyoosha mkunjo mmoja. "Nitafurahi mpaka jioni, halafu sijui."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hukumu ni hukumu. Jina lako halitakuwemo kwenye orodha." Akakunja suruali. "Mimi zamu yangu ni saa nne, mashine ya mwisho karibu na dirisha. Kesho sina la kuwaambia watu wa kwetu. Sasa ukikaa pale, ukae kama mtu mwenye akili timamu."

"Kiranja, kichwa chako..."

"Tafadhali."

"...kina mawazo mazuri. Ndivyo nilivyotaka kusema."

Jumamosi saa nne Mtukufu akakaa kwenye mashine ya mwisho karibu na dirisha. Akaingiza jina lake, chumba chake na Dada kikafunguka, na mazungumzo ya wiki zilizopita yakapanda moja baada ya jingine. Kiranja hakuwa ameirudisha skrini kuwa nyeusi. Alikuwa ameuzoea weupe. Kwa mara ya kwanza Mtukufu akayaona maneno yake kama Dada alivyokuwa akiyaona.

Njano ilikuwa imefifia kabisa. Kuku, soksi, chaki, mbuzi wa chumbani, vyote vilikuwa kama mchuzi uliomwagika na kufutwa. Ilibidi ainamishe kichwa pembeni ndipo apate herufi mbili tatu. Lakini ile mistari mifupi ya mwisho ilisimama nyeusi, safi, ikifuatana. Shati. Ndoto. Kikohozi. Usiende. Ukiisoma skrini ile ungedhani mwandishi ni mtoto mmoja mkimya, asiyejua mzaha, anayeandika sentensi moja kwa wiki.

Dada akaingia. "Bwana Mkubwa. Upo?"

Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye Kontroli. Akavirudisha. Akaandika bila rangi yoyote.

"Nipo. Dada, skrini yako ni nyeupe."

"Ni nyeupe," Dada akajibu. "Umejuaje?"

"Nimekaa kwenye nyeupe leo. Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni nilidhani hayo ndiyo maandishi yako ya kawaida, na ile njano ni mapambo. Kisha Fundi wenu akanitumia picha ya maabara, nikaona skrini zote nyeusi. Nikapiga hesabu."

"Na ukanyamaza!"

"Ningekwambia, ungeacha kuniandikia. Ningebaki na kuku peke yao. Halafu wewe na njano yako mmeniharibu shingo. Kila Jumamosi nainama mpaka mkuu wa kituo ananiuliza kama nina jipu."

Mtukufu alicheka kwa pua, na pua ikatoa kitu kingine kisichokuwa kicheko. Akajifuta kwa mkono wa shati. Dakika saba zilikuwa zimeshakwenda. Akaandika haraka, bila kusahihisha.

"Dada sikiliza. Lile Usiende nililiandika mimi na ni kweli. Lakini Nenda pia niliandika mimi na pia ni kweli. Nililiweka kwenye njano ndiyo maana ukaliona kama mzaha. Halikuwa mzaha. Lile la mbuzi tu ndilo mzaha."

"Mtu hawezi kutaka yote mawili."

"Mimi nataka. Nilikuwa nataka hivyo nikiwa nimekaa palepale, dakika ileile. Nililizika lile Usiende ili usilibebe. Sasa umelibeba wiki tatu. Nipe lirudi, ni langu."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mtukufu aliangalia saa ya ukutani, akaangalia kimstari, akaangalia tena saa.

"Nikwambie kitu," Dada akaandika hatimaye, na maneno yalikuja vipande vipande, mstari na mstari. "Nilipoliona lile Usiende, nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Naogopa, mdogo wangu. Sijawahi kupanda ndege. Wenzangu watakuwa wamesoma hesabu ambazo mimi nazisikia majina tu. Hapa nina buti zangu na kipimo changu na kila mtu ananijua. Nilipokuona huko chini umeandika Usiende, nikasema basi, nimepata pa kujifichia. Nitasema ni kwa ajili ya mtoto, na hakuna atakayenilaumu."

Mtukufu alisoma mistari hiyo mara mbili. Siku zote Dada alikuwa mtu anayezima radi kwa kufunga dirisha. Haikuwahi kumpitia kichwani kwamba na yeye huwa anatafuta kitu cha kusimama nyuma yake. Akatafuta maneno makubwa, yale ya kuzindulia madaraja, na hakukuta hata moja mahali pake.

"Usijifiche nyuma yangu," akaandika. "Mimi ni mwembamba. Utaonekana."

Dada akajibu:

"Mjinga wewe. Nimecheka mpaka mkuu wa kituo amegeuka."

"Hizo hesabu utazijua. Ulinifundisha kugawanya kwa vijiti vya kibiriti, na mimi nilikuwa nakula vijiti."

"Ulikula viwili. Na Shangazi je? Utamvumilia?"

"Shangazi ndiye wa kuhurumiwa. Mwambie afiche kuku."

"Utaniandikia?"

"Kila Jumamosi."

"Kwa rangi gani?"

Akafikiri. "Hii. Isiyo na namba."

Dada akamwambia angoje. Mtukufu akangoja, mikono katikati ya magoti. Zilipita dakika tatu, na katika dakika hizo aliliwaza lile Usiende na kuona halijapungua hata kidogo. Lilikuwa palepale, zito vilevile. Tofauti ni kwamba sasa lilikuwa kwake.

"Nimewaandikia," Dada akasema. "Barua ni mistari miwili. Ninakubali, na ahsanteni. Naituma sasa hivi, nikiwa na wewe hapa."

Kisha: "Imekwenda."

Kisha: "Mungu wangu. Imekwenda kweli."

Mtukufu aliweka paji la uso juu ya ukingo wa meza, sekunde chache tu, akainuka. Dada alikuwa anaandika tena.

"Hebu na mimi nijaribu hizo rangi zako. Unabonyeza nini na nini?"

Akamwelekeza. Jaribio la kwanza likatoka "K2 hongera yetu", nyeusi tupu. La pili likatoka bluu, bluu ya kalamu ya mwalimu, ambayo katika sheria za maabara haikuwa na kazi yoyote: "Hongera yetu, Bwana Mkubwa."

"Imetoka?" Dada akauliza, kwa bluu.

"Mbona haiachi?" Kwa bluu.

Programu ile ina tabia moja. Rangi ukiifungua lazima uifunge, Kontroli na O. Usipoifunga inamwagika mstari hadi mstari, hata kwenye maneno ya mwenzako. Mtukufu akaanza kuandika, "Dada, unatakiwa kubonyeza," na maneno yake nayo yakatoka bluu. Akayatazama. Akayafuta, herufi moja moja kutoka nyuma.

"Imetoka vizuri," akaandika. Bluu.

Nyuma yake akasikia viatu. Kiranja alikuwa amesimama, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima, kama mtu aliyeingia chumba ambamo mwenzake anavaa.

"Muda, Mtukufu."

"Najua."

"Mbona mashine yangu imekuwa bluu yote?"

"Dada hajafunga."

"Si umwambie afunge?"

"Bado kidogo."

Kiranja akajikuna kichwa chake kipana. Mlangoni wenye zamu ya pili walikuwa wameshaanza kusukumana. Akawaendea, akatandaza mikono yote miwili kwenye fremu ya mlango.

"Rudini nyuma. Saa ya humu ndani iko mbele dakika tano."

"Haiko mbele!" mmoja akapinga. "Nimeiangalia na ya Fundi!"

"Na ya Fundi pia iko mbele."

Mtukufu akasogeza kiti karibu na kibodi. Dada alikuwa ameanza kuorodhesha, kwa bluu, vitu atakavyomwachia Shangazi: blanketi nene, ripoti za shule, ufunguo wa sanduku la nguo, namba ya Fundi. Alikuwa amesahau funguo za mlango wa nyuma. Mtukufu akamkumbusha.